Picha ya ubongo wangu imetoka safi, mbona mikono haitulii?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mkazi wa Tanga, nimeolewa mwaka wa saba sasa na nina binti wa miaka minne. Natunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, kazi ambayo wenzangu hunisifia kwa umakini, wala hawajui kwamba umakini huo huo ndio unaonila.

Yalianza nikiwa kidato cha tatu, kwenye udhu. Nilikuwa nikimaliza kuosha miguu najiona kama kiwiko cha kushoto hakikupata maji, basi naanza upya, na nikifika tena miguuni shaka inahamia usoni. Leo naweza kukaa bombani dakika 40 kabla ya swala ya alfajiri, na ngozi ya vidole vyangu imepasuka hadi naona aibu kumpa mtu mkono. Baada ya kuolewa likaongezeka jambo la mtungi wa gesi. Naufunga, natoka, nafika getini, narudi kuugusa. Kuna siku nilishuka kwenye daladala nikiwa karibu kufika kazini, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani, nikaugusa mtungi, ukawa umefungwa kama nilivyouacha.

Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, alinipeleka kusomewa na nikanywa kombe siku saba. Nilipata nafuu kama wiki mbili, kisha yakarudi yote. Kaka yangu mkubwa yeye husema nina imani haba na ninajiendekeza.

Mwaka jana nilisoma kwenye simu kwamba watu wenye ugonjwa huu wa wasiwasi wa kurudiarudia, ule unaoitwa OCD, wamekutwa na tofauti katika umbile la ubongo. Shangazi, sijui kama utanielewa, lakini nilifurahi. Nilifurahi kuambiwa kwamba huenda ubongo wangu una kasoro, kwa sababu kasoro inaonekana, na kinachoonekana hakibishaniwi. Nikamshawishi mume wangu, naye akatoa fedha tulizoweka kwa ajili ya kupaua chumba cha nyuma. Tukaenda Dar es Salaam, nikamweleza daktari kwamba kichwa kinaniuma na nina wasiwasi, nikapigwa picha ya MRI. Majibu yalisema ubongo ni wa kawaida: hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovuja, hakuna kasoro yoyote. Daktari alinipa mkono wa pongezi. Mimi nililia ndani ya basi mpaka Chalinze.

Nilipofika nyumbani kaka akasema, "Umeona? Ubongo mzima huo. Sasa acha hayo mambo." Mume wangu hakusema kitu, lakini chumba bado hakina bati na mvua zinakaribia.

Sasa dada yangu anayefanya kazi Muscat ananiambia nisikate tamaa, kwamba mashine zinatofautiana nguvu, na yuko tayari kunitumia nauli na gharama nikapigwe picha nyingine nje ya nchi. Mume wangu sijamwambia. Kila usiku naamua kukubali, na kila asubuhi naamua kukataa.

Kuna jambo la mwisho ambalo sijamwambia mtu yeyote, wala yule daktari. Tangu binti yangu alipoanza kutembea, nikishika kisu jikoni inanijia picha kichwani kwamba namdhuru. Sitaki, natetemeka, nakitupa kisu kwenye sinki na kukimbilia chumbani kuomba toba. Visu vyote nimevificha juu ya kabati, na mboga namwomba msichana wa kazi akate. Ndiyo maana nauliza: kama ubongo wangu ni mzima, je, mawazo yale ni yangu mwenyewe? Na kama kweli una kasoro ambayo mashine ile haikuiona, mazungumzo na dawa vitaurekebisha vipi? Na mwanangu naye atarithi ubongo huu?

Barua hii nimeikagua mara 11 kabla ya kuituma.

Mama wa Binti Mmoja, Tanga

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Pole kwa miaka yote hiyo ya kubeba mzigo huu ukiwa na uso wa mtu asiye na mzigo. Nimeisoma barua yako nikiwa na daftari pembeni, na nataka kwanza kukurudishia nilichokisikia, ili kama nimekosea unisahihishe.

Umeniuliza kuhusu picha ya pili. Lakini nadhani swali lililo chini yake ni lile uliloliacha mpaka mwisho. Ulikuwa unatafuta shahidi. Ulitaka mashine ikusemee mbele ya kaka yako kwamba hujiendekezi, na mbele ya nafsi yako kwamba yale ya kisu hayatoki moyoni mwako. Shahidi akafika barazani akasema hana la kusema, ndipo ukalia mpaka Chalinze. Mtu anayelia kwa kuambiwa ni mzima si mtu wa ajabu. Ni mtu aliyepotewa na shahidi wake wa pekee.

Hebu tuutazame ushahidi wenyewe. Picha unayopigwa hospitalini husomwa na daktari anayetafuta uvimbe, damu, kiharusi, maji yaliyozidi na mambo ya namna hiyo. Majibu uliyopewa yana maana kubwa, na ningependa uyapokee kwa shukrani, lakini yalijibu swali ambalo wewe hukuliuliza. Hayakusema kwamba huna OCD, kwa kuwa ugonjwa huo hautambuliwi kwa picha. Mtaalamu huutambua kwa kukusikiliza: mawazo yanayokujia bila kuyataka, vitendo unavyovifanya ili kuyatuliza, na muda ambao hayo yote yanakula katika siku yako. Mojawapo ya vigezo vinavyotumika ni kupotea kwa zaidi ya saa moja kwa siku, au kuathirika sana kwa maisha ya mtu. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kupima ukali wake, kilichochapishwa mwaka 1989 na kubeba majina ya vyuo viwili vya Marekani, Yale na Brown, ni maswali kumi tu yenye jumla ya alama 40. Hakihitaji umeme.

Je, uliyoyasoma kwenye simu yalikuwa uongo? Hapana, lakini yalifupishwa mno. Mwaka 2017 watafiti wa nchi mbalimbali walikusanya picha za ubongo za wagonjwa zaidi ya 1,800 na za watu wasio na ugonjwa wanaokaribia idadi hiyo. Kwa wastani, watu wazima wenye OCD walikuwa na hipokampasi ndogo kidogo, hiyo ikiwa ni sehemu inayohusika sana na kumbukumbu, na palidamu kubwa kidogo, ambayo ni sehemu ya ndani inayosaidia kuanzisha na kuzuia vitendo. Kwa watoto waliokuwa bado hawajatumia dawa, kilichoonekana kikubwa kidogo ni thalamasi, kituo ambacho habari nyingi hupitia zikielekea kwenye gamba la ubongo. Zingatia neno hilo "kidogo", ambalo ndilo huwa la kwanza kudondoka habari inapoingia kwenye simu zetu.

Chukua magunia mengi ya karafuu kutoka shamba hili na mengine kutoka shamba lile, uyapime kwa uangalifu, nawe unaweza kugundua kwamba punje za shamba la kwanza, kwa wastani, ni nzito kwa kiasi cha nywele. Ugunduzi huo ni wa kweli na mwenye shamba atataka kujua sababu yake. Lakini nikikuwekea punje moja kiganjani nikuulize imetoka shamba lipi, utabahatisha tu. Ndivyo ilivyo kwa ubongo. Tena kundi hilo hilo la watafiti lilijaribu, katika kazi iliyotoka mwaka 2020, kuifundisha kompyuta itofautishe mgonjwa na asiye mgonjwa kwa kutazama picha ya mtu mmoja mmoja, na matokeo yake kwa ujumla yalikaribia ya kurusha sarafu. Kompyuta ilifanya vizuri zaidi pale tu wagonjwa walipokuwa watumiaji wa dawa. Mashine hiyo ya nchi za nje inayosifiwa kwa nguvu itakupa picha kali zaidi ya punje ile ile.

Liko jambo jingine ambalo hufichwa na neno "kasoro". Tofauti ikionekana kwenye ubongo, haimaanishi kwamba ndiyo iliyoleta ugonjwa. Huenda ugonjwa wenyewe, kwa miaka ya kurudiarudia, ndio umeacha alama. Huenda dawa zimechangia. Huenda vyote viwili. Mwaka 2000 watafiti wa London waliwapima madereva wa teksi wa jiji hilo, ambao hulazimika kukariri mitaa kwa maelfu, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko za watu wengine, na ilizidi kuwa kubwa kwa waliokuwa wameendesha miaka mingi. Kiungo hiki si tofali lililokwisha kuchomwa.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu mazungumzo na dawa. Wataalamu huuelezea ugonjwa huu kama mzunguko wa mawasiliano: kutoka gamba la mbele lililo juu ya matundu ya macho, ambako hatari hupimwa, kwenda kwenye kiini kiitwacho kaudeti, kisha thalamasi, kisha kurudi mbele tena. Kwa mtu mwingine, ishara ya "gesi imefungwa" ikipita, mlango unajifunga nyuma yake. Kwako ishara inapita lakini mlango unabaki wazi, na hatari ile ile inarudi kupiga hodi kana kwamba haijawahi kujibiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Los Angeles walichukua kikundi kidogo cha wagonjwa, wengine wakapewa dawa ya fluoksetini na wengine tiba ya mazoezi ya tabia bila dawa, wakapigwa aina ya picha inayoonyesha sehemu za ubongo zinazotumia sukari nyingi. Waliopata nafuu, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, matumizi ya sukari kwenye kaudeti yao yalishuka. Kilikuwa kikundi kidogo, sitaki ukitundike ukutani kama hati, lakini kinatosha kuonyesha kwamba zoezi analolifanya mtu kwa mikono yake mwenyewe linafika ndani ya kichwa.

Sasa nije kwenye kisu, na hapa ningependa usome taratibu. Mawazo ya kumdhuru umpendaye ni mojawapo ya sura zinazofahamika sana za ugonjwa huu, na wataalamu huyasikia mara nyingi, hasa kutoka kwa wazazi wenye watoto wadogo. Tazama ulivyoyapokea: ulitetemeka, ukakitupa kisu, ukakimbia, ukavificha vyote. Wasiwasi huu huwa na mazoea ya kwenda kugusa pale pale mtu anapothamini kuliko pote. Mchamungu humgusa kwenye udhu wake, na mama humgusa kwa mwanawe. Lakini, na hili lipime mwenyewe, kila kisu kinapopanda juu ya kabati, si kinaiambia akili yako kwamba kweli kulikuwa na hatari? Mimi siwezi kukupima kwa barua, wala sitajifanya daktari. Mtaalamu anahitaji kulisikia hili kwa maneno yako. Na kama siku yoyote litabadilika, likawa na hamu ndani yake badala ya hofu, au ukaanza kutamani kufa, usingoje jibu la safu hii. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na mtu unayemwamini.

Kuhusu fedha za dada yako, nakuomba ufikirie kitu kimoja ambacho huenda kitakuuma. Unapofika getini ukarudi kugusa mtungi, unatafuta uhakika ambao jicho lako limekwisha kukupa. Picha ya pili ina tofauti gani na kurudi jikoni? Sisemi hivyo kukudhihaki. Huenda ukipigwa picha hiyo utapata utulivu wa wiki mbili, kama ule wa kombe, kisha shaka itauliza kama mashine ya tatu isingeona zaidi. Kuna pia hatari ya upande wa pili: wakati mwingine picha huonyesha vitu vidogo visivyo na madhara, na mtu mwenye wasiwasi akiambiwa ana kitu kwenye ubongo, hata kisicho na maana, hulala nacho kila usiku. Lakini pia naielewa faida unayoiona. Dada amekuamini bila kukuhoji, na kukataa fedha zake kunaweza kuonekana kama kukataa imani hiyo. Je, angekubali kukuamini vivyo hivyo kama ungemwambia fedha ziende kwenye nauli za kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, Muhimbili au hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, kwa miezi kadhaa?

Njia hiyo nayo sitaipamba. Tiba iliyo na ushahidi mkubwa, iliyoanzishwa London na mwanasaikolojia Victor Meyer katika makala yake ya mwaka 1966, ni ya kumsogeza mtu taratibu karibu na kile anachokiogopa huku akijizuia kufanya kile kitendo cha kujituliza. Kwako ingeweza kuwa kufunga mtungi mara moja, kuondoka, na kuiacha hofu ipande mpaka ichoke yenyewe. Siku za mwanzo huwa ngumu, wapo wanaokatiza, na wataalamu waliofunzwa hasa kwa tiba hii si wengi nchini. Dawa za kundi la fluoksetini, au ile ya zamani iitwayo klomipramini, huwasaidia wengi, lakini kwa ugonjwa huu mara nyingi huhitajika kipimo kikubwa kuliko cha sonona, na wiki nane hadi 12 kabla ya kuhukumu kama zimefanya kazi. Zina maudhi yake pia, nawe ukiwa mama na mke una haki ya kumuuliza daktari kuhusu ujauzito, usingizi na hamu ya tendo la ndoa bila kuona haya. Wapo wanaopona kabisa, wapo wanaobaki na wasiwasi mdogo wanaouweza, na wapo ambao huhitaji kujaribu zaidi ya mara moja.

Kwa upande wa dini, sioni sababu ya kukuweka kati ya msikiti na hospitali. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya mawazo yanayomrudia mtu na kumnyima raha, akayaweka miongoni mwa maradhi ya nafsi yanayotibiwa. Na wanazuoni wa fikihi wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na udhu una mpaka wake wa kuosha mara tatu. Mtu akiisoma kanuni hiyo akiwa na makala ya Meyer mkononi atatabasamu. Labda liko swali la kumpelekea shekhe unayemwamini: siyo "nisomewe tena?", bali "unaniruhusu kusimama kwenye mara ya tatu hata nikiwa na shaka?" Ila umuulize mara moja tu. Ukirudi kumuuliza kila wiki, yeye naye atakuwa mtungi.

Kaka yako sitamsema sana. Nina wasiwasi tu na silaha uliyotaka kumshindia. Utafiti juu ya unyanyapaa umeonyesha kwamba watu wanapoambiwa ugonjwa wa akili ni wa ubongo, lawama hupungua, lakini mara nyingi huanza kuamini pia kwamba mgonjwa hawezi kubadilika. Ungemshinda kwa picha, huenda angeacha kusema unajiendekeza, akaanza kukuona umeharibika. Je, hilo lingekuwa jepesi zaidi kulibeba?

Mume wako ndiye ninayemfikiria zaidi. Alitoa fedha za bati bila kubishana, na kimya chake unakisoma kama lawama, nami nisiye ndani ya nyumba yenu najiuliza kama si kimya cha mtu asiyejua aseme nini. Kumwambia habari ya Muscat ni jambo moja. Kumwambia habari ya kisu ni jingine, na lina hatari ya kweli: asipoelewa anaweza kuogopa, akamwambia mama yake, na mtoto akahamishiwa kwa bibi kwa nia njema. Wapo waliochagua kumwambia mwenzi wao mbele ya mtaalamu, ili maneno ya kwanza anayoyasikia yawe na maelezo ndani yake. Wapo waliosema wenyewe usiku, wakakuta mwenzao alishaona visu havipo. Wewe unamjua, mimi namjua kwa barua moja.

Binti yako, kwa ufupi: ndiyo, ndugu wa damu wa mgonjwa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuupata ugonjwa huu kuliko watu wengine, na watoto wengi wa wagonjwa hawaupati. Ukiona dalili siku za mbele utazijua mapema kuliko mama yeyote wa mtaa wako, na wewe ulisubiri tangu kidato cha tatu.

Ukiamua kwenda kumwona mtaalamu na mdomo ukawa mzito, chapisha barua yako hii umpe aisome. Aya ya kisu usiikate.